Kimbunga kikija Amu, tutakimbilia wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nakaa Wiyoni, kisiwani Amu (Lamu), na mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe ambaye kiharusi kilimlaza upande mmoja. Nyumba yetu ni ya mawe na saruji, paa la mabati, na jikoni la makuti uani. Mume wangu ni mvuvi, ana mashua yake ya injini. Mdogo wangu ameolewa Florida, Marekani, na kila mwaka hunitumia picha: madirisha yamezibwa kwa plaiwudi, gari limejaa chupa za maji, wanakwenda mwendo wa saa sita kuihama pwani. Tangu habari za kimbunga Hidaya mwaka 2024, upepo ukivuma usiku silali. Sisi gari hatuna, barabara hatuna, tumezungukwa na maji. Ninunue plaiwudi? Tujiandae vipi? Na punda wetu je?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na plaiwudi maana jibu lake ni fupi: usinunue. Pesa hiyo nunua kamba nzuri, misumari ya mabati na mitungi ya maji. Madirisha ya vioo vikubwa yanayotazama bahari ni ya hoteli na majumba ya wageni. Kama madirisha yenu ni ya mbao, kama yalivyo mengi hapo Amu, unachohitaji ni komeo na bawaba zisizotikisika. Aliye na vioo na hana mbao za kufunika, asijisumbue kubandika utepe wa gundi juu ya kioo. Kioo kitavunjika vile vile, ila kitaanguka vipande vikubwa zaidi. Avute pazia nene, na watu wakae mbali nacho.

Sasa tuijue sawasawa hiyo dhoruba inayokunyima usingizi. Harikeni ya Florida, taifuni ya Japani na kimbunga cha kwetu ni kitu kimoja, majina yanafuata bahari. Bahari ikipata joto la kama digrii 27 na zaidi, hewa yenye unyevu hupanda juu, upepo hukimbilia pale ilipoondoka, na mzunguko wa dunia huupinda upepo huo hadi ukawa unazunguka. Kwenye bahari yetu, kusini mwa Ikweta, unazunguka kama mishale ya saa. Ukifika kilomita 63 kwa saa dhoruba hupewa jina. Ukifika 118 huitwa kimbunga kamili. Msimu wa mdogo wako ni Juni hadi Novemba. Wetu sisi ni Novemba hadi Aprili, na Hidaya ya mwezi wa Mei ilitukumbusha kwamba kalenda si ukuta.

Lakini sikia hili vizuri, labda litakupa usingizi. Ule mzunguko wa dunia unaoupinda upepo hauna nguvu karibu na Ikweta. Ndiyo maana vimbunga havipendi kuzaliwa wala kutembea ndani ya digrii tano za mstari huo. Malindi, hapa nilipo mimi, iko kama digrii 3 kusini, Amu ni 2 na kidogo. Tazama historia inavyoshuka: Unguja, digrii 6, ilipigwa mwaka 1872 hadi mikarafuu ikalala chini na jahazi za Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, zikaangamia. Lindi, digrii 10, ilipigwa Aprili 1952. Kenneth ya Aprili 2019 ilipiga Ngazija na kaskazini mwa Msumbiji. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, karibu digrii 8, ikiwa imeshaanza kuchoka. Na upande wa pili wa Ikweta, Gati ilipiga Puntland, Somalia, Novemba 2020, kule digrii 10 kaskazini. Sisi tumekaa katikati ya vilango viwili. Siwezi kukwambia ni muhali kabisa. Desemba 2001 dhoruba iliyoitwa Vamei ilipita karibu na Singapore, chini ya digrii mbili kutoka Ikweta, na wataalamu wakabaki kutazamana. Ila kitovu cha kimbunga kupita juu ya Wiyoni ni jambo ambalo mimi, kama ningekuwa mwanamume wa kuweka dau, nisingeliwekea.

Basi kwa nini nisikwambie ulale tu? Kwa sababu kimbunga hakihitaji kufika ili kikufikie. Kikiwa kilomita mia kadhaa kusini yetu, hutuma mawimbi makubwa yanayotembea siku nzima mpaka ufukweni kwetu, jua likiwa linawaka na watu wakiogelea. Huvuruga pepo: unaweza kuamka upepo unatoka bara katika msimu ambao ungetegemea utoke baharini, na mashua iliyofungwa kwa kutegemea kusi, upepo wa kusini, ikajikuta uso kwa uso na miamba. Na mvua. Mwezi ule wa Hidaya nchi ilikuwa tayari imeshiba maji. Tarehe 3 Mei serikali iliahirisha ufunguzi wa shule nchi nzima. Juu ya hayo yote, kusi lenu la kila mwaka, la Juni na Julai, halina jina wala halitangazwi duniani, na ndilo linalobeba mapaa na kuzamisha watu. Kwa hiyo jiandae na kusi kali lililokutana na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, na mvua ya siku tatu. Ukiliweza hilo, umejiandaa na kimbunga kadiri mtu wa Amu anavyohitaji.

Tukubaliane jambo moja kabla ya misumari, kwani ndilo la msingi na ndilo picha za Florida zinalokupoteza. Mdogo wako anakimbia kwa gari saa kumi na mbili kabla ya dhoruba, na anafika. Wewe saa hizo bahari imeshafungwa. Mkondo wa kwenda Mokowe, kule bara, unajua unavyokuwa upepo ukishika, na hata ukivuka, barabara ya Witu hadi Garsen hukatika pale Gamba mto Tana ukifurika. Ukakaa njiani na watoto na mgonjwa, maji mbele na maji nyuma. Maji yanayokwenda kasi, ya kufika fundo la mguu au kidogo zaidi, humwangusha mtu mzima. Kuhama kwa kuvuka bahari ni jambo la siku mbili kabla, tena kwa mwenye sababu: mjamzito wa kisiwa cha mbali kama Kiwayu au Ndau aliyekaribia siku zake, au mtu anayesafishwa figo. Nyinyi wengine kimbilio lenu liko mjini humo humo. Ni nyumba ya mawe ya mtu mwingine.

Usicheke. Zile nyumba za zamani za Mkomani, kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, zimeona makusi mangapi? Zimejengwa zikitazama ndani, uani, upepo hauna pa kuingilia. Chumba kile cha ndani kabisa, nyuma ya misana miwili, vile vyumba virefu vinavyofuatana kutoka uani, ni mahali bora kuliko makao mengi ya dharura niliyowahi kuyaona. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni ya mdomo: nenda kwa jamaa au rafiki mwenye nyumba kama hiyo, mwombe kwa adabu, mkubaliane sasa hivi kwamba kukiwa na tahadhari mtakuja watu saba na godoro moja. Mpelekee bofulo au sahani ya mahamri siku hiyo. Mtu aliyeombwa mapema hufungua mlango kwa furaha. Aliyegongewa saa nane ya usiku hufungua pia, Waamu ni watu, lakini hamtapata nafasi.

Ila si kila nyumba ya mawe ni salama, na hapa watu wengi hukosea kwa kuamini unene wa ukuta. Tazama juu. Boriti zilizopinda au zenye unga unga wa mchwa zikibeba dari la mawe na chokaa ni hatari kubwa kuliko mabati yako, kwa sababu dari hilo ni zito na likinywa maji ya mvua linazidi uzito. Tazama ukuta kwa ubavu: umevimba tumbo? Kuna ufa unaopenya kutoka chini hadi juu? Plasta inaanguka vipande vikubwa na ndani mawe yanatoka unga? Hiyo usiingie, hata kama mwenyewe ni shangazi yako. Na lile banda la makuti la juu darini ambako wageni hupenda kukaa, usilihesabu kuwa ni sehemu ya nyumba. Hilo litaruka.

Sasa nyumba yenu. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana paa lililosimama miaka kumi huondoka kwa dakika moja. Na haliondoki kwa kusukumwa, huondoka kwa kunyonywa: upepo ukipita juu ya paa huvuta bati kwenda juu, hasa pembeni, penye upenu na penye kona. Bati la kona likishainuka, upepo huingia chini yake na mengine hufuata kama kurasa za kitabu.

Mwaka mmoja paa langu mwenyewe la uani, hapa Malindi, liliondoka mwezi wa sita na kutua kwa jirani juu ya banda la kuku. Nilipookota mabati nikahesabu misumari: fundi alipiga mitatu mitatu kwa bati zima, tena ya mbao, ile laini, bila mpira. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha watu mambo haya. Jirani hadi leo akiona mawingu huniuliza kama kuku wake wahame.

Panda basi, au mpandishe mume wako, siku ya utulivu, si siku ya tahadhari. Misumari iwe ile ya mabati, yenye kofia pana na mpira, ya kupindapinda mwilini ili isichomoke, na ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni. Penye kingo na kona, kila mgongo upate msumari. Katikati ya paa, mgongo mmoja ndiyo mmoja hapana. Iliyokula kutu ing'olewe, tundu lizibwe, mpya ipigwe pembeni. Kisha ingia ndani uangalie kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa: mbao za kenchi zimeshikwa na nini pale zinapokutana na ukuta? Mara nyingi kwa msumari mmoja ulioingia mshazari, na ile mbao inayolala juu ya ukuta imelala tu, haikufungwa. Paa lenye misumari elfu moja lililowekwa juu ya ukuta bila kufungwa ni kofia. Chukua ule ukanda wa chuma mwembamba wanaofungia makasha na mizigo, au waya mnene wa mabati uliosokotwa mara mbili, zungusha kwenye kenchi, shuka nao ukutani, ushike kwa misumari ya zege kozi tatu nne chini. Fanya kila kenchi, anza na za mwisho. Ni kazi ya siku moja na gharama yake si kubwa, na katika yote niliyokuandikia, kama utafanya moja tu juu ya nyumba, fanya hiyo.

Mawe na magurudumu ya pikipiki ambayo watu huweka juu ya mabati, yateremshe. Upepo wa kusi huyaacha, upepo mkubwa huyarusha. Jikoni la makuti halitapona, usiligharimie. Ila ukiwa na wavu chakavu, wa nyuzi nene, utupie juu yake na uufunge kwa vigingi chini, litapona kusi la kawaida. Moto wote uzimwe humo upepo ukianza. Amu haihitaji kuelezwa moto wa makuti na upepo vikikutana vinafanyaje. Na mnazi ulio karibu na nyumba, mwite mkwezi aangue madafu, nazi na makuti makavu yote. Nazi moja ikiruka ni mzinga.

Kuna imani moja inayozunguka, kwamba ukiacha dirisha moja wazi upande wa pili hewa itapita na paa halitanyanyuka. Si kweli. Upepo ukiingia ndani unasukuma paa kwa chini huku wa nje unalivuta kwa juu. Fungeni kila kitu, na mlango unaotazama upepo uegemezwe kabati.

Nije kwenye mashua, na hapa nataka umsomee mume wako, au mwachie simu asome mwenyewe, maana najua mvuvi haambiwi na mke mambo ya bahari. Katika miaka yote niliyokaa na wavuvi wa Mayungu, Ngomeni na huko kwenu, wanaume niliowaona wakifa kwa dhoruba hawakufa nyumbani. Walikufa wakirudi kuokoa nyavu, au wakiogelea kuifuata mashua iliyokata kamba. Mashua ikishakata kamba katikati ya upepo, imekwenda. Kwa hiyo yote yafanywe jana yake.

Kwanza, injini ishuke na iingie ndani ya nyumba, pamoja na tangi la petroli, ila petroli isikae chumba cha watu wala karibu na jiko. Hiyo ndiyo mali, ubao unatengenezeka. Pili, pwani ya mbele ya mji si mahali pa kuacha chombo, kwa kuwa vyombo huko hugongana vyenyewe kwa vyenyewe na ukuta wa gati. Aipeleke kwenye hori la mikokoni, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, ndani kabisa, penye maji mafupi. Mikoko huvunja wimbi, na mizizi yake hushika kamba kuliko nanga yoyote. Afunge kamba nne au zaidi, kila upande, asifunge kwa mti mmoja, na aziache ndefu. Wengi hufunga fupi wakidhani ndiyo imara; maji yakipanda kuliko kawaida, kamba fupi huizamisha omo, mbele ya chombo, au hung'oa kigingi chake. Kila mahali kamba inaposugua ubao aizungushie kitambaa au kipande cha mpira. Chombo kidogo kinachovutika, dau au hori la kupiga kasia, kivutwe juu ya alama ya bamvua, kilazwe kifudifudi na kifungwe, si chini ya mnazi. Mwenye mlingoti aushushe pamoja na foromali, ule mti wa tanga.

Bamvua ni neno ninalotaka mlihesabu. Pwani yetu bahari hupanda na kushuka kama mita tatu na zaidi siku za bamvua, na bamvua mnaijua bila saa: siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo, na siku moja mbili baada ya kumi na tano. Kimbunga huinua bahari kwa njia mbili. Hewa ikipungua uzito, bahari huvimba, kama sentimita moja kwa kila hektopaskali moja (kipimo cha uzito wa hewa) iliyopungua. Upepo nao huyasukuma maji yakajaa ufukweni. Dhoruba ikija siku za maji mafu, huenda msione lolote. Hiyo hiyo ikija usiku wa kumi na sita, maji yakiwa yamejaa, itaingia vichochoroni. Kwa hiyo tahadhari ikitoka, kabla ya kuuliza upepo una kasi gani, uliza mwezi una siku ngapi na maji yanajaa saa ngapi. Watu wa nyumba za chini za Wiyoni wahame kwa hesabu hiyo.

Mama mkwe wako. Huyu ndiye anayeamua saa ya kuondoka kwenu, na mimi nauona huo ni msaada, si mzigo, kwani familia zenye mgonjwa huondoka mapema na zisizo naye hungojea mpaka mabati yaanze kupiga kelele. Aondoke yeye kwanza, mchana, kukiwa kukavu, hata kama jirani watacheka. Msimbebe kwa kitanda. Pima kona ya kichochoro chenu, kitanda hakigeuki hapo. Kiti cha plastiki chenye mikono, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na leso mbili za kumfunga kifuani na miguuni asiteleze. Fanyeni zoezi mara moja hadi hiyo nyumba mliyoombana, mhesabu dakika. Dawa zake za presha ziwe na akiba ya wiki mbili, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo, ili mkifika hospitali ya King Fahd mikono mitupu bado waweze kumsaidia.

Watoto wafundishe majina yao kamili na namba moja ya simu, kwa kichwa. Wafanye zoezi usiku, taa zimezimwa: kila mmoja anashika mkono wa nani, nani anabeba mdogo. Wafanye kama mchezo. Mtoto aliyewahi kucheza hivyo giza halimvurugi.

Maji: watu saba, lita nne kila mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Florida huambiwa siku tatu kwa kuwa malori yatafika. Kisiwa hesabuni siku saba, ni lita 196, yaani mitungi kumi ya lita ishirini, iliyooshwa na kufungwa vifuniko. Mkiwa na birika, lifunikeni. Chakula kisichohitaji kupikwa sana: tende, biskuti, ng'onda, maziwa ya unga, njugu, unga wa uji. Tende ningekuwa na kilo tano. Haziozi, na watoto hawagombi. Tochi na betri, redio ndogo, simu zijazwe chaji mapema. Pesa taslimu kidogo kidogo, noti za mia na mia mbili, maana stima na mtandao vikikatika M-Pesa yako ni namba tu. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati ya kiwanja kwenye ndoo yenye kifuniko. Piga picha nyumba na mashua pia, zitakufaa ukidai msaada.

Habari mzipate wapi? Si kwenye sauti za kutumiwa na mtu aliyesema ametumiwa na mtu. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari, na mara nyingi hutaja upepo wa kuzidi noti 25, karibu kilomita 46 kwa saa. Kwa mashua ya mume wako hiyo inatosha kutotoka. Kwa vimbunga, kituo cha eneo letu zima kiko kisiwa cha Réunion, na ramani zake hutangazwa. Fundi wa kutazama ramani azingatie tarehe na saa iliyoandikwa, si rangi nyekundu. Dharura pigeni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199 bila malipo.

Usiku wenyewe hauna mengi. Kaeni chumba cha ndani, swichi kubwa ya stima imezimwa, mtungi wa gesi umefungwa. Msitumie kandili wala koroboi mkiwa na tochi. Jiko la makaa lisiingie chumba kilichofungwa hata kwa chai ya mgonjwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na familia nzima hulala isiamke. Upepo ukikatika ghafla, mtu yeyote asitoke kwenda kutazama mashua. Ikiwa ni kitovu, upepo utarudi kwa upande wa pili, na kwa nguvu ile ile. Dua someni, na kamba mlikwisha funga.

Asubuhi yake, hatari huwa imehamia chini. Nyaya zilizoanguka msizikaribie, hata zikionekana zimekufa. Visima vya mjini viko karibu na vyoo, na maji ya mafuriko huchanganya vyote viwili. Chemsheni maji mpaka yatokote sawasawa, au tieni klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, mpaka kisima kitibiwe na kipimwe. Mtoto akianza kuharisha maji maji, mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Na mume wako asipande paani siku ya kwanza. Bati lililolegea linamngojea.

Sasa punda, ambaye najua ulimweka mwisho ukidhani nitamsahau. Msimfungie kwenye banda la makuti, na msimwache amefungwa kamba pwani. Punda aliyefungwa maji yakipanda hana la kufanya. Kama mwenye nyumba ya mawe ana uani na amekubali, aingie naye, afungwe kwa kamba ndefu mbali na mlango wa chumba mlicholala. Hakukubali, mfungueni kamba kabisa kabla ya magharibi, mtieni alama ya rangi au kipande cha kitambaa shingoni, mumpandishe upande wa juu wa mji kusiko na minazi. Atajitafutia ukuta wa kusimama nyuma yake, na asubuhi mtamkuta mlangoni kwa mtu anakula maganda ya ndizi.